Daftari la Nyumba Ndani ya Kompyuta: Kwa Nini Hesabu Hazilingani

Kisenyi ni mtaa ulio bondeni katikati ya jiji la Kampala, Mengo ikiwa upande mmoja na Old Kampala upande mwingine. Hapo ndipo zilipo mashine za kusaga mahindi, kituo cha mabasi, mafundi wa vyuma, pamoja na maduka na nyumba za kulala wageni za Wasomali. Na soko la Owino haliko mbali. Fedha za mtaa huo hazikai mahali pamoja. Nyingine zimo katika sanduku la duka, nyingine katika mkoba wa mama wa nyumba, nyingine katika simu, na nyingine ziko mikononi mwa wenzake wa upatu zikisubiri zamu. Ndiyo maana mwenye duka anaweza kuuza tangu asubuhi hadi usiku mwaka mzima, na bado muhula wa shule unapofunguliwa asijue karo itatoka wapi.

Daftari la karatasi limewasaidia wengi na halijapitwa na wakati. Lakini sasa nyumba nyingi za wafanyabiashara wadogo zina kompyuta, aghalabu iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, na vijana waliosoma huwawekea wazee wao programu ya hesabu. Inayopendwa na wasiotaka kulipia leseni kila mwaka ni GnuCash. Kazi ya kuitengeneza ilianza mwaka 1997, na toleo lake la kwanza lililokomaa likatolewa mwaka 1998. Ni programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia jirani bila ya kuvunja sheria. Mgeni wa kompyuta huenda akashangaa kitu cha namna hiyo kutolewa bure, lakini ndivyo kilivyo.

Tatizo huja baada ya wiki ya tatu hivi. Mama wa nyumba anafungua programu, anaona simu yake ina shilingi nyingi katika kompyuta kuliko zilizomo katika simu yenyewe, au anakuta akaunti yenye jina asilolifahamu, au programu inakataa kumfungulia. Hapo husemwa kwamba mashine imekula hesabu. Kwa kweli ni nadra sana mashine kula hesabu. Mara nyingi programu imefanya kama ilivyoelekezwa siku ya kwanza, na siku ile ya kwanza ndiyo iliyopitwa mbio.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja, ya kubuni lakini isiyo ngeni kwa mtu wa Kisenyi. Mama anauza unga kwa jumla na rejareja. Ana watoto wanne shuleni, ana simu mbili, yumo katika upatu wa akina mama kumi, na mdogo wake aliye ng'ambo humtumia dola mara kwa mara. Mwanawe wa kwanza ndiye aliyeiweka programu.

SARAFU NA MAFUNGU MATANO

Faili jipya linapoanzishwa, programu huuliza sarafu, kisha hutoa orodha ya akaunti za kuchagua, kisha huuliza kila akaunti ina kiasi gani cha kuanzia. Watu wengi hubonyeza kuendelea bila ya kusoma. Kompyuta iliyotoka nje, ambayo imepangwa kwa desturi za Marekani, itapendekeza dola, na akaunti zote za nyumba zitazaliwa katika dola. Mwenye faili atagundua jambo hilo akiwa ameandika mauzo ya mwezi mzima. Kubadili sarafu ya akaunti iliyokwisha kuandikwa si jambo jepesi. Ni rahisi zaidi kuanza faili jingine. Kwa hiyo yapasa kuhakikisha kwamba palipoandikwa sarafu pana UGX, yaani shilingi ya Uganda, kabla ya kusonga mbele.

Akaunti zote huingia katika mafungu matano: mali, madeni, mtaji, mapato na matumizi. Majina yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa Kisomali au kwa Kiganda, maadamu aina ya akaunti imechaguliwa sawasawa. Fedha taslimu, simu, benki na vitu anavyodai mtu ni mali. Mkopo wa duka na mahindi yaliyochukuliwa bila ya kulipwa ni madeni. Mtaji ni kile kinachobaki kuwa cha mwenyewe madeni yakiondolewa katika mali. Kosa linalojirudia ni kuziandika fedha alizokuwa nazo mtu siku ya kuanza kuwa ni mapato. Si mapato ya mwezi huo, zilikuwapo tayari. Mahali pake ni bakaa ya mwanzo, ambayo ni tawi la mtaji. Asiyefanya hivyo ataona mwezi wa kwanza ametajirika ghafla, na mwezi wa pili atadhani biashara imekufa.

Kila muamala huandikwa mahali pawili: palipotoka fedha na palipoingia. Utaratibu huo ni wa zamani sana. Luca Pacioli, mtawa wa Italia, aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, na hata yeye alikuwa akieleza walichokuwa wakikifanya wafanyabiashara wa mji huo kabla yake. Anayeogopa maneno debiti na krediti hana haja ya kuyakariri. Programu yenyewe, ikiwa haikuamriwa vingine katika mapendeleo, hutumia maneno mepesi juu ya safu zake: kuingia na kutoka kwa upande wa fedha, kuongezeka na kupungua kwa upande wa mali nyingine.

Swali kubwa kwa nyumba ya namna hii ni kama duka na nyumba viwe katika faili moja au mawili. Mafundi wa hesabu watasema mawili, nao wana haki. Lakini mama anayefanya kazi peke yake akipewa mafaili mawili atachoka na kuyaacha yote mawili. Faili moja lenye matawi mawili yaliyo wazi linatosha: tawi la duka lenye sanduku lake, mauzo yake na manunuzi yake ya nafaka, na tawi la nyumba lenye mkoba, chakula, kodi ya nyumba, karo na dawa. Akaunti za juu, kama vile ile iitwayo Mali tu, zafaa kutiwa alama ya kuwa kichwa kitupu, ambayo programu inayo, ili mtu asiweze kuandika humo kwa haraka. Mama anapotoa shilingi 60,000 katika sanduku la duka na kuzitia katika mkoba wa nyumba, hajapata na hajatumia. Amehamisha. Matumizi yataandikwa pale mkoba utakapofunguliwa sokoni.

Tena kuna unga unaochukuliwa dukani kwenda jikoni. Huo ndio unaovuja kimya kimya, maana hakuna fedha inayoonekana. Mtoto anatumwa kilo mbili leo, kilo tatu kesho kutwa. Usipoandikwa, duka litaonekana linapata hasara na jiko litaonekana halili. Inatosha karatasi kubandikwa nyuma ya mlango wa stoo, kila kilo ikatiwa alama, na mwisho wa juma jumla yake ikaandikwa mara moja: imetoka katika gharama za nafaka za duka, imeingia katika chakula cha nyumba, kwa bei iliyonunuliwa.

SIMU NA AKAUNTI YENYE JINA GENI

Huduma ya fedha kwa simu ilianzishwa Uganda na MTN mwaka 2009, na leo ni vigumu kumkuta mwuzaji wa Kisenyi asiyepokea malipo kwa njia hiyo au kwa Airtel. Mwezi Julai 2018 serikali ilitoza kodi ya asilimia 1 juu ya miamala ya simu. Malalamiko yakawa mengi, na kabla ya mwaka huo kwisha kodi ikashushwa kuwa asilimia 0.5, ikabaki kwa anayetoa fedha tu. Kodi hiyo ni mbali na ada ya kampuni ya simu.

Sasa mama anatoa shilingi 300,000 kwa wakala. Kodi ni 1,500. Ada ya kampuni, kwa ajili ya mfano huu, na iwe 5,000. Simu imepungukiwa na 306,500, lakini mkononi ana 300,000. Akiandika katika kompyuta kwamba 300,000 zimetoka katika simu zikaingia sandukuni, simu ya kompyuta itakuwa tajiri kuliko simu ya kweli kwa shilingi 6,500. Akitoa mara nne kwa mwezi, tofauti inakuwa 26,000. Kwa mwaka, 312,000. Hapo ndipo mashine husingiziwa ulaji.

Dawa yake ni kuugawanya muamala. Programu ina kitufe cha kuufungua mstari mmoja ukawa na mistari mingi. Mstari wa kwanza unatoa 306,500 katika simu. Wa pili unaingiza 300,000 sandukuni. Wa tatu unaandika 5,000 kuwa ada za simu. Wa nne 1,500 kuwa kodi. Ujumbe unaoletwa na kampuni baada ya kila muamala una takwimu zote, kwa hiyo usifutwe mpaka umekwisha kuandikwa. Mtu akiuona utaratibu huo ni mrefu, anaweza kuuandika mara moja tu, kisha kila wakati kuunakili muamala wa zamani na kubadili tarehe na tarakimu.

Iwapo mistari haitoshelezani, au mtu ameacha bila ya kusema fedha zilikwenda wapi, programu haitapoteza tofauti hiyo. Huifungulia akaunti yake yenyewe, iitwayo "Imbalance-UGX", na kuiweka humo. Wengi huiogopa akaunti hiyo, na wengine huifuta, jambo ambalo ni sawa na kuitupa barua kwa sababu ina habari mbaya. Inapasa kufunguliwa. Kila mstari ulio humo ni muamala uliokosa upande mmoja. Mtu akiuandika upande uliokosekana, mstari huondoka wenyewe, na akaunti ikifika sifuri kazi imekwisha.

UPATU SI MAPATO

Katika Kisenyi upatu una majina mengi. Wasomali huuita ayuto, neno lililotokana na Kiitaliano. Desturi ni ile ile: watu wanaoaminiana huchanga kiasi kilekile kwa zamu, na kila mara mmoja huondoka na chungu kizima. Hapana riba wala karatasi, na kwa watu wengi ni benki iliyo karibu kuliko benki.

Ugumu ni namna ya kuuandika. Mama wa mfano wetu huchanga shilingi 50,000 kila juma, na wanachama ni kumi, hivyo chungu ni 500,000. Mwanawe aliuandika mchango kuwa matumizi na chungu kuwa mapato, kama wafanyavyo wengi. Kwa hesabu hiyo, juma la tatu, zamu ya mama ilipofika, kompyuta ilionyesha kwamba nyumba imepata nusu milioni. Karo ikalipwa, viti vikanunuliwa, na kila mtu akafurahi. Kompyuta haikusema neno juu ya mambo yaliyokuwa mbele.

Ukweli ni huu. Kufikia juma la tatu mama amechanga mara tatu, yaani 150,000. Amepokea 500,000. Tofauti ya 350,000 si faida. Ni fedha za wenzake ambazo atazirudisha kwa majuma saba, 50,000 kila juma. Ni mkopo usio na riba. Kinyume chake, mwenzake wa mwisho, kabla ya kupokea, amechanga 450,000 katika majuma tisa, na hizo si matumizi hata kidogo. Ni akiba anayowadai wenziwe.

Kwa hiyo akaunti ya upatu inapaswa kuwa katika fungu la mali, moja tu, nayo isiguse mapato wala matumizi. Mchango ukitoka mkobani unaingia humo. Chungu kikipokewa kinatoka humo. Akaunti ikionyesha tarakimu chanya, wenzake wana fedha zake. Ikionyesha hasi, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa rangi nyekundu, yeye ndiye mwenye deni. Katika mfano huu itasomeka hasi 350,000 baada ya zamu yake, na baada ya majuma saba itarudi sifuri. Isiporudi sifuri, kuna juma limeandikwa mara mbili au limesahauliwa, na kiongozi wa upatu anaweza kuulizwa kwa adabu mapema, kabla maneno hayajawa mengi.

"Kumbe nilikuwa natumia fedha za wenzangu," mama alimwambia mwanawe alipobadilishiwa.

"Si vibaya, mama," akajibiwa. "Ila ulikuwa hujui ni kiasi gani."

KUFULI LILILOACHWA NA GIZA

Umeme hukatika. Kompyuta ya mezani huzimika papo hapo, na ile ya mapajani yenye betri iliyochoka haikai sana. Umeme ukirudi, programu inafunguliwa na kutoa onyo kwamba faili linatumiwa na mtu mwingine, ingawa chumbani hakuna mtu mwingine.

GnuCash haikutengenezwa kwa watu wawili kuandika katika faili moja kwa wakati mmoja. Kila inapolifungua faili, huweka kando yake faili dogo lenye mwisho wa .LCK, kama mtu anayening'iniza kufuli mlangoni. Ikifungwa vizuri huliondoa kufuli hilo. Umeme ukikatika, hakuna wa kuliondoa. Programu itatoa njia kadhaa: kulifungua kwa kusoma tu, kuanzisha faili jipya, au kufungua hivyo hivyo. Anayechagua faili jipya huona kurasa tupu na kupiga kelele kwamba hesabu zimepotea, kumbe ziko mahali pake. Linalofaa ni kwanza kuhakikisha kwamba programu haiko wazi mahali pengine, hasa kama faili liko katika folda inayotumiwa na kompyuta mbili, kisha kuchagua kufungua hivyo hivyo. Basi.

Kinachoweza kupotea kweli ni maandishi ya dakika za mwisho. Kwa kawaida faili la GnuCash ni la namna ya XML, na programu hulihifadhi yenyewe kila baada ya muda uliowekwa katika mapendeleo. Mahali penye umeme usioaminika, muda huo na uwe mfupi, na mkono nao uzoee kubonyeza kitufe cha kuhifadhi kila baada ya miamala michache. Hata hivyo programu ina hifadhi ya pili. Kila inapofanya kazi huandika faili la kumbukumbu lenye mwisho wa .log, ambamo kila badiliko huingia mara linapofanywa. Katika menyu ya kuingiza data pana amri ya kuyarudia maandishi ya faili hilo juu ya faili lililohifadhiwa mara ya mwisho. Anayejaribu jambo hilo afanye juu ya nakala, asifanye juu ya faili lenyewe, na achague.log yenye tarehe na saa za kazi iliyokatizwa, asije akarudia ya juzi.

Wengine hupendelea kuhifadhi kwa namna ya SQLite, ambayo huandika kila muamala mara unapokamilishwa, bila ya kungoja kitufe. Kwa tatizo la umeme ni nzuri. Lakini ina upungufu ambao haufai kusahauliwa: ile ya XML, kila inapohifadhiwa, huacha nyuma nakala ya zamani yenye tarehe na saa katika jina lake, na hizo hukaa siku 30 kabla ya kufutwa, iwapo mpangilio haukubadilishwa. SQLite haiachi nakala hizo. Kwa nyumba isiyo na fundi, XML ndiyo salama zaidi. Mtu akipoteza dakika kumi za kuandika ataziandika tena kutoka katika ujumbe wa simu. Mwenye faili moja lililoharibika, bila ya nakala, ataanza mwaka upya.

Nakala hizo zote, hata hivyo, zimo katika kompyuta ileile, na mwizi hachagui. Kila Ijumaa au Jumapili, kwa kadiri ya desturi ya nyumba, faili linakiliwe katika flashi na flashi ikae nyumba nyingine, kwa dada au kwa mama mkubwa. Siku ya kuihitaji, nakala ihamishiwe kwanza katika kompyuta na kupewa jina fupi jipya ndipo ifunguliwe. Wanaofungua nakala ya zamani moja kwa moja na kuendelea kuandika humo huishia na majina marefu yenye tarehe mbili tatu, na baada ya mwezi hakuna anayejua lipi ndilo faili la kweli.

TAREHE, MIKATO NA DOLA

Uganda huandika siku kwanza, kisha mwezi. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani huandika mwezi kwanza. Mtu akiandika 5/3 akikusudia tarehe tano Machi, itasomwa kuwa tarehe tatu Mei, wala hakuna onyo litakalotolewa kwa kuwa tarehe zote mbili zipo. Lakini 25/3 haiwezi kusomwa hivyo, na hapo ndipo baadhi ya mauzo ya Machi huonekana Machi na mengine yakatawanyika katika mwaka. Katika mapendeleo ya programu pana mahali pa kuchagua namna ya tarehe. Ile inayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, haina utata wowote.

Kadhalika mkato. Kompyuta iliyotoka katika baadhi ya nchi za Ulaya huuchukua mkato kuwa alama ya sehemu za shilingi, hivyo 15,000 ikawa shilingi kumi na tano. Hilo hurekebishwa katika mpangilio wa nchi na lugha wa kompyuta yenyewe, si ndani ya GnuCash, na programu ifungwe na kufunguliwa tena. Au tarakimu ziandikwe bila ya mkato wowote, 15000, na ugomvi uishe.

Dola za ndugu wa ng'ambo zikipokewa zikiwa zimekwisha kubadilishwa, ni shilingi, ziandikwe shilingi. Zikikaa nyumbani zikiwa dola, zinahitaji akaunti yao yenye sarafu ya USD. Siku zitakapobadilishwa, programu itauliza bei ya kubadilishia, na pia itatoa nafasi ya kuandika kiasi kilichopokelewa. Inafaa kuandika kiasi kilichopokelewa mkononi na kuiacha programu itafute bei yenyewe. Bei iliyobandikwa ukutani na fedha zinazohesabiwa mezani havilingani sikuzote. Ipo njia ya kuvuta bei kutoka mtandaoni, ambayo hutegemea programu nyingine iitwayo Finance::Quote, nayo hukwama mara nyingi kwa kukosa kitu hiki au kile. Kwa nyumba inayobadilisha dola mara moja kwa mwezi haina maana kuhangaika nayo. Bei huweza kuandikwa kwa mkono katika daftari la bei la programu kwa nusu dakika.

MWISHO WA MWEZI

Siku moja katika mwezi itengwe kwa kulinganisha. Salio la kila simu na la benki lichukuliwe, liingizwe katika dirisha la ulinganishaji, na kila muamala unaoonekana pande zote mbili utiwe alama mpaka tofauti iwe sifuri. Sanduku na mkoba huhesabiwa kwa mkono. Kwa fedha taslimu haitatokea tofauti ikawa sifuri kila mwezi, maana kuna mtoto aliyepewa 500 na mgonjwa aliyesaidiwa njiani. Ifunguliwe akaunti ya matumizi yasiyojulikana na tofauti iandikwe humo bila ya aibu. Mwezi wa kwanza itakuwa kubwa.

Faida mojawapo huonekana kwa mtoza kodi. Sheria ya kodi ya mapato ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2020, inawatenganisha wafanyabiashara wadogo wenye kumbukumbu na wasio nazo. Mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 10 hadi milioni 30 kwa mwaka, asipokuwa na kumbukumbu, hutozwa 80,000. Akiwa nazo hutozwa asilimia 0.4 ya kile kinachozidi milioni 10. Aliyeuza milioni 20 kwa hiyo atalipa 40,000. Kati ya milioni 30 na milioni 50, asiye na kumbukumbu hulipa 200,000, na mwenye nazo hulipa 80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kinachozidi milioni 30. Duka la unga lililouza milioni 40 litalipa 130,000 badala ya 200,000. Programu peke yake haitoshi: risiti za mahindi, hati za usafirishaji na ujumbe wa simu viwekwe katika bahasha, bahasha moja kwa mwezi, na namba ya risiti iandikwe katika muamala wake, kwani programu imeiwekea safu.

Jambo moja zaidi, na akina mama wanaotumia kompyuta ya pamoja wanapaswa kulijua kabla ya kuandika mstari wa kwanza. GnuCash haina neno la siri la kulifungia faili. Yeyote anayeweza kukaa mbele ya kompyuta hiyo anaweza kusoma akiba, madeni na zamu ya upatu. Anayetaka faragha afunguliwe jina lake la kuingilia katika kompyuta, lenye neno la siri, na faili likae humo. Anayeandikia katika kompyuta ya kukodi abebe faili lake katika flashi, na kabla ya kuinuka ahakikishe kwamba hakuacha nakala katika folda ya mwenye duka.